Meli Imetia Nanga Civitavecchia? Hivi Ndivyo Utafika Roma na Urudi Kabla Ikuache

Usidanganyike ukiona 'Roma' kwa ratiba ya meli. Meli za kitalii zinatia nanga Civitavecchia, kama kilomita 70 hivi kutoka jijini. Na kama una pasi ya Kenya, hakikisha una visa ya Schengen, la sivyo utaangalia Italia ukiwa dirishani.

Teksi hadi Roma itakumaliza doh, labda muwe mbogi mnachanga. Treni ndio form. Panda basi la bandarini hadi Largo della Pace, kisha basi lingine hadi stesheni. Itisha tiketi ya 'regionale', ile treni ya bei nafuu. Safari ni saa moja na ushee.

Unaenda Vatican? Shuka Roma San Pietro. Unataka Colosseum? Endelea hadi Termini, ushike metro laini B, vituo viwili tu.

Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwa mashine kabla upande. Huku hakuna kubembeleza makanga. Ukishikwa bila muhuri, ni faini.

Sasa noma yenyewe: ukienda na ziara ya meli na mchelewe, kwa kawaida meli inawangoja. Ukienda kivyako, inang'oa nanga na utaifuata bandari inayofuata kwa pesa zako. Kwa hivyo rudi Civitavecchia masaa mawili kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Na asubuhi uliza kama kuna 'sciopero', yaani mgomo. Kama upo, nenda na ziara ya meli.