Njia nne za kupika kahawa nyumbani bila mashine: ipi inakufaa?

Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote hulima kahawa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mavuno hutiwa magunia ikiwa bado mbichi na kusafirishwa ng'ambo, ilhali kaya nyingi za wakulima hunywa chai, au kahawa ya kopo inayoyeyuka majini. Wapo waliozeeka wakihudumia mibuni bila kujua ladha ya walichokilima.

Siku hizi kahawa iliyokaangwa humu humu ukandani hupatikana madukani, na wasiokuwa na mashine huuliza waipike vipi. Jibu si la ladha peke yake. Njia ya kupika ndiyo huamua kiasi gani cha mashapo, uchungu na mafuta ya buni kitabaki kikombeni, na jambo hilo linaugusa moyo wa mnywaji.

Kabla ya kuwasha jiko

Kipimo cha kawaida ni gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji. Asiye na mizani atie vijiko sita vya chakula, vilivyosawazishwa, katika nusu lita.

Kwa njia za kuloweka na kuchuja, maji yafaayo ni ya nyuzi joto 92 hadi 96 za Selsiasi. Hapa mahali unapoishi pana neno lake, kwa kuwa kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka mapema. Bujumbura, kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 97. Kigali, kwenye mita 1,500 hivi, karibu na 95. Kwa hiyo mkazi wa milimani anaweza kumimina maji mara tu yanapochemka, na wa pwani angoje dakika moja au mbili baada ya kuyaepua.

1. Kuchemsha: mdila na sufuria

Hii ndiyo njia kongwe. Ethiopia huitumia jebena ya udongo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki ni mdila, ama dele, juu ya makaa, na kahawa hunywewa barazani kwa vikombe vidogo, mara nyingi pamoja na tangawizi au iliki na kashata pembeni.

Unga na maji huchemshwa pamoja. Kosa la kawaida ni kuiacha kahawa itokote kwa muda mrefu, kwani ndipo uchungu unapozidi. Tangawizi ichemshwe kwanza, unga utiwe mwishoni, na chombo kiepuliwe kahawa inapoanza kupanda. Kisha iachwe dakika tano, mashapo yatulie.

Njia hii haidai chombo cha kununua na inatosheleza wageni wengi. Ila ndiyo inayoacha mafuta mengi zaidi ya buni katika kinywaji.

2. Kuloweka: birika la kubana

Ni birika la kioo au chuma lenye kifuniko, kijiti na chujio la waya linalosukumwa chini. Watu wengi huliita la Kifaransa, ingawa hataza ya mwaka 1929 iliyolifanya lijulikane ilikuwa ya Waitaliano wawili wa mjini Milan, Attilio Calimani na Giulio Moneta.

Unga uwe wa chenga, si laini. Mimina maji, koroga, subiri dakika nne, kisha sukuma chujio polepole. Imimine kahawa yote mara moja, kwa maana inayobaki juu ya unga huendelea kukolea na kuwa chungu.

Kinywaji huwa kizito na chenye harufu nzuri. Lakini waya huzuia chenga tu. Mafuta hupita.

3. Kuchuja: karatasi na kitambaa

Mwaka 1908, mama mmoja wa mjini Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichoshwa na mashapo. Alitoboa chombo cha chuma, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka katika daftari la mwanawe, na hivyo akabuni chujio la karatasi.

Unga uwe wa wastani, mfano wa mchanga. Lowesha karatasi kwa maji moto ili kuondoa harufu yake, tia unga, kisha mimina maji kidogo na usubiri nusu dakika mpaka mapovu yatulie. Yaliyosalia yamimine taratibu kwa kuzungusha. Kazi yote huchukua dakika tatu hadi nne.

Kahawa hutoka nyepesi na safi, na tofauti kati ya buni za mlima huu na ule huonekana wazi. Gharama yake ni karatasi, ambayo hutumika mara moja tu. Mbadala ni mfuko wa kitambaa kizito cha pamba. Kitambaa nacho huzuia sehemu ya mafuta, na hudumu kwa muda mrefu kikioshwa kwa maji matupu bila sabuni na kuanikwa kikauke vizuri.

4. Birika la mvuke la Kiitaliano

Birika hili la vyumba viwili lilitolewa na Alfonso Bialetti wa Italia mwaka 1933. Maji hukaa chini, unga katikati, na shinikizo la mvuke huyasukuma maji juu kupitia unga.

Jaza maji yasifike kwenye valvu ya usalama, usishindilie unga, na utumie moto mdogo. Likianza kukoroma, liepue. Valvu ikiziba birika huwa hatari, kwa hiyo isafishwe mara kwa mara. Kahawa yake ni kali, ya kunywewa kidogo kidogo au kutiwa maziwa.

Moyo, koo na usingizi

Mafuta ya buni yana kafestoli, kemikali inayopandisha kolesteroli mbaya katika damu. Karatasi huizuia karibu yote. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu zaidi ya 500,000 kwa takriban miaka 20, ulionyesha kuwa wanywaji wa kahawa iliyochujwa walikuwa na vifo vichache kuliko wanywaji wa isiyochujwa. Aliyeambiwa na daktari kuwa kolesteroli yake iko juu, na anayekunywa vikombe kadhaa kwa siku, ana sababu ya kuanza kuchuja. Kahawa ya mdila nayo yaweza kupitishwa kwenye karatasi au kitambaa kabla ya kuandaliwa.

Jambo la pili ni joto. Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa vinywaji vinavyonywewa vikiwa na zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio. Kahawa yenyewe haikulaumiwa. Iache ipoe kidogo.

Tatu ni kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huweka kikomo cha miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na 200 kwa mjamzito. Robusta, inayolimwa sana Uganda na Kagera, ina takriban maradufu ya kafeini iliyomo katika arabika ya Burundi na Rwanda. Kikombe cha robusta kisihesabiwe kama cha arabika.

Ladha ya kiazi

Katika eneo la Maziwa Makuu, mara nyingine kahawa njema hunuka kama kiazi kibichi kilichomenywa. Kasoro hiyo huhusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa matunda ya mbuni. Haina madhara kwa afya, ila punje moja yatosha kuharibu birika zima, na kwa macho haitambuliki. Dawa yake nyumbani ni kusaga kwa mafungu madogo na kunusa kila fungu kabla ya kulichanganya na mengine.

Uchague ipi?

Mwenye wageni wengi atumie mdila. Apendaye kahawa nzito achague birika la kubana, na apendaye kali, la mvuke. Anayechunga moyo wake, au anayetaka kuijua ladha ya kahawa ya kijiji chake, achuje. Kwa mkulima aliyeweka akiba ya debe moja la mavuno yake, kikaango, kinu, sufuria na kipande cha pamba safi vinatosha kuanzia.