Kuongeza nguvu ya injini kuna gharama yake

KUONGEZA nguvu ya injini ni jambo linalowavutia vijana wengi wanaomiliki magari ya mwendo kasi yenye gia za mkono. Hata hivyo, kabla ya kumkabidhi fundi funguo, mwenye gari hana budi kuelewa kwamba nguvu inayoongezwa upande mmoja hulipiwa upande mwingine, iwe katika mafuta, klachi, giaboksi au uhai wa injini yenyewe.

Hewa ya Kagera

Kwa dereva wa Bukoba au Muleba, jambo la kwanza kuzingatia ni hewa. Ziwa Victoria lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyolizunguka viko juu zaidi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Kwa gari la kabureta, fundi hupunguza petroli ili ilingane na hewa hiyo. Marekebisho hayo yanafaa Bukoba, lakini gari hilo likipelekwa pwani bila kurekebishwa tena, petroli huwa kidogo mno, joto hupanda ndani ya silinda na pistoni huweza kutoboka.

Tabo hufidia upungufu wa hewa, ila kwa kuzunguka kwa kasi zaidi na kuzalisha joto. Shinikizo lake likiongezwa bila kurekebisha petroli na wakati wa plagi kuwaka, sehemu ya mchanganyiko hulipuka kabla moto wa plagi haujaifikia. Dereva akisikia injini inagonga anapokanyaga mafuta mlimani, asipuuze; hiyo ni dalili ya injini inayoelekea kunoki.

Kamshafti, difu na klachi

Kamshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu huipa injini nguvu katika mizunguko ya juu, lakini huidhoofisha katika mizunguko ya chini. Kwa anayepanda vilima vya Muhutwe nyuma ya lori lililosheheni ndizi, hiyo ni hasara, kwani nguvu huhitajika kwenye mizunguko 2,000 na si 7,000.

Wapo wanaobadili gia za difu. Ukitoka uwiano wa 3.7 kwenda 4.1, msukumo wa magurudumu huongezeka kwa asilimia 11. Lakini kwa mwendo uleule ambao injini ilizunguka mara 3,000 kwa dakika, sasa itazunguka zaidi ya mara 3,300, na petroli itatumika zaidi.

Aidha, klachi iliyoundwa kwa nguvu ya kiwandani huteleza na kuungua inapozidiwa. Klachi ngumu zaidi huondoa tatizo hilo, lakini huchosha mguu katika foleni na kuhamishia mzigo kwenye giaboksi. Flaiwili nyepesi nayo huchangamsha injini, ila gari huzimika kirahisi linapoondoka kwenye mwinuko.

Fundisho la Safari Rally

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitoa fundisho mapema. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Gari hilo lilisifika kwa uimara kuliko kwa wingi wa nguvu, na katika safari ile kufika mwisho kulikuwa nusu ya ushindi.

Anayetaka kuongeza nguvu basi na aanze na breki, matairi, upoozaji wa injini na klachi, ndipo aiguse injini. Pia akumbuke kwamba barabara ya Bukoba hadi Muleba hutumiwa na wanafunzi, waendesha baiskeli na bodaboda, na kwamba katika maeneo ya makazi mwisho wa mwendo ni kilometa 50 kwa saa, hata injini iwe na nguvu kiasi gani.