Gango la Kifundo cha Mkono Lubumbashi

Kazi yangu ni kuwarudishia watu nguvu za mikono, na gango ninaliheshimu. Kabla ya mji wetu wa Lubumbashi kuanzishwa mwaka 1910, waunga mifupa wa Katanga walifunga mkono uliovunjika kwa vijiti na kamba za magome. Wapo wanaofanya hivyo hadi leo, na siwadharau. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga hospitali za wafanyakazi wake. Wakati huo plasta ya jasi ilikuwa imeshaenea Ulaya tangu Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alipoitangaza mwaka 1852.

Plasta hushika mfupa vizuri, ila ikifunika vidole, navyo hukakamaa. Gango zuri huishia kabla ya mkunjo wa kiganja, kifundo kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa nyuma, ili mgonjwa aweze kukunja ngumi na baadaye kushika mwiko wa bukari, yaani ugali. Hapo ndipo ninapopima kazi yangu.

Ndugu msomaji, ukifungwa mkono, chezesha vidole tangu siku ya kwanza. Vikifa ganzi au kubadilika rangi, rudi hospitali siku hiyohiyo.