Waliokataa Kura kwa Ajili ya Dini

Kila mara uchaguzi unapokaribia, wakristo wengine hutuuliza: Je, mtu wa Mungu aingie katika mambo ya siasa, au akae mbali nayo? Swali hili halikuanzia Kisangani. Kabla ya kulijibu, yafaa tuwatazame watu waliolijibu kwa maisha yao yote, wengine kwa amani, wengine kwa damu.

Waamishi wa Marekani

Kule Marekani wako wakristo waitwao Waamishi. Asili yao ni Uswisi na Alsace, ambako mwaka 1693 Jakob Ammann alijitenga na wenzake. Baadaye walivuka bahari, wakakaa Pennsylvania, kisha Ohio na penginepo. Leo wapita 350,000. Wengi ni wakulima na mafundi. Husafiri kwa gari la farasi, hawaapi kiapo, hawaendi vitani, hawatafuti vyeo vya serikali. Wafikiri hivi: serikali imewekwa na Mungu ili kuwazuia waovu, lakini kazi yake yahitaji upanga, na mfuasi wa Kristu hapaswi kushika upanga.

Watu hudhani kwamba kwao kura ni dhambi. Sivyo. Kwa kawaida hakuna katazo kamili. Wachache hupiga kura, hasa kwa mambo ya karibu nao. Walio wengi huacha. Lakini kodi hulipa, na wakuu wa nchi huwaombea.

Jambo moja walilikataa katakata, nalo ni bima ya uzee ya serikali. Maana kwao kuwatunza wazee ni kazi ya watoto na ya kanisa. Mwaka 1961 watoza kodi walimnyang'anya mkulima mmoja wa Pennsylvania farasi wake watatu kwa sababu hiyo. Hakupigana nao. Habari ilipoenea, watu wengi walichukizwa, na mwaka 1965 sheria ikawaruhusu Waamishi wasiingie katika bima ile.

Kitawala katika misitu yetu

Huku kwetu nako walikuwako waliosema kwamba falme za dunia si mali ya Mungu. Mafundisho ya Watch Tower, yaliyoanzishwa Marekani na Charles Taze Russell, yalienea Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, kwa mdomo wa Elliott Kamwana, aliyebatiza maelfu ya watu karibu na mwaka 1908. Kutoka huko yakapita Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia Katanga. Jina la Kiingereza likageuka kuwa Kitawala, na katika lugha yetu jina hilo lina maana yake: kutawala. Basi mhubiri aliposema kwamba Mungu atatawala peke yake, wasikilizaji walielewa kwamba Bula Matari ataondoka. Shirika lenyewe la Watch Tower liliwakana watu hao.

Wabelgiji waliwakamata viongozi wakawahamishia mbali na makwao. Ilikuwa kama kupepeta moto, maana kila walipopelekwa mafundisho yalikwenda pamoja nao.

Kisha ikaja vita kuu ya pili. Kazi ya lazima vijijini, iliyokuwa siku 60 kwa mwaka, ikafanywa siku 120. Watu wakaingizwa msituni kutafuta mpira, wakatengeneza barabara, wakachimba migodi. Mwanzoni mwa mwaka 1944, kati ya Wakumu, alitokea Bushiri Lungundu aliyejiita mwakilishi wa Yesu. Akatangaza kwamba utawala wa Wazungu umekwisha. Maasi yakatoka Masisi yakafika Walikale na Lubutu, katika njia ile ile tunayoipita tukienda Bukavu. Askari wakatumwa. Watu wengi wakafa, wengine wakafungwa. Wakitawala walioonekana wa hatari wakapelekwa katika kambi kama ile ya Ekafera, Equateur.

Tuwapime kwa haki. Mwamishi alimkatalia mtoza kodi, akapoteza farasi, lakini baada ya miaka 4 wabunge walimsikia. Mkumu wa mwaka 1944 hakuwa na mbunge wala kura. Hakuweza hata kususa uchaguzi, kwa kuwa uchaguzi haukuwako. Hatusemi kwamba damu ilikuwa halali. Twasema tu kwamba mtu aliyefungwa mdomo hutafuta njia nyingine ya kusema, na mara nyingi njia hiyo ni mbaya.

Kura ilipofika mjini kwetu

Oktoba 1959 chama cha MNC cha Lumumba kilifanya mkutano wake Stanleyville, na mwishoni mwake ghasia zikatokea, watu wakauawa, Lumumba akatiwa kifungoni. Chama kilikuwa kimewaambia watu wasipige kura Desemba. Kisha kikageuza shauri, kikaingia uchaguzini, nacho kikashinda mji wetu kwa wingi mno. Wakati ule ule Abako, huko Kongo ya Chini, iliwaambia watu wake wakae nyumbani, nao wakakaa. Kumbe kukaa nyumbani nako kwaweza kuwa siasa.

Tena si kila kura ni kura. Mwaka 1970 Mobutu aligombea peke yake. Karatasi ya kijani iliitwa tumaini, nyekundu iliitwa fujo. Karatasi nyekundu zilizohesabiwa nchi nzima hazikufika hata 200! Na mtu aliyekataa siasa ya chama kimoja kwa ajili ya dini aliona shida. Huko Malawi, Mashahidi wa Yehova waliokataa kununua kadi ya chama walipigwa marufuku mwaka 1967, na baadaye maelfu wakakimbia nchi. Hapa kwetu, wakati wa Zaire, walipigwa marufuku mwaka 1986, wakafunguliwa mwaka 1993.

Nasi je?

Bwana wetu alipoulizwa habari za kodi, aliomba aonyeshwe sarafu. Hakusema kwamba Kaisari hana haki yoyote, wala hakumpa vyote. Kanisa latufundisha hivyo hivyo. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwakumbusha raia kwamba kupiga kura kwa uhuru ni haki na wajibu, kwa ajili ya manufaa ya wote. Laurent Monsengwo, aliyekuwa Askofu Mkuu wetu wakati ule, aliongoza Mkutano Mkuu wa Taifa kuanzia Desemba 1991. Na mkutano huo ulipofungwa kwa nguvu, wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari 1992, mikononi wakiwa na rozari na Biblia. Askari wakawapiga risasi.

Basi, ndugu, mtu akikataa kura kwa dhamiri safi, na gharama akailipa mwenyewe, tusimdharau wala tusimlazimishe. Lakini tusiite dhamiri kitu ambacho ni uvivu au hofu. Mwamishi asiyepiga kura huwalisha wazee wake, hujenga upya ghala la jirani lililoungua. Yule anayekaa nyumbani siku ya uchaguzi, naye jirani hamsaidii, huyo hakukataa Kaisari tu. Amemkataa na jirani.