Spitfire ya mfano, ya kurushwa kwa redio

Spitfire ya mfano ni ndege ndogo inayonakili ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Mrushaji husimama chini na kuiongoza kwa redio. Mabawa ya ndege halisi yalikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha; kwa kipimo cha robo hubaki takribani mita 2.8.

Kiunzi ni cha balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini, na plaiwudi panapofungwa injini na magurudumu. Taabu kubwa ni mabawa: kwa kuwa yana umbo la duaradufu, hakuna ubavu unaolingana na wa jirani yake. Pua nayo ni fupi, hivyo mara nyingi huongezwa madini ya risasi ili mkia usielemee.

Umaliziaji hula muda mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Balsa hufunikwa kwa kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo, hupakwa epoksi, kisha hupigwa msasa. Ribiti huigwa kwa matone ya gundi nyeupe yanayodondoshwa kwa bomba la sindano, moja moja. Rangi iwe isiyong'aa. Spitfire inayometameta hufanana na kitu cha kuchezea. Masizi huchorwa nyuma ya mabomba ya moshi, kwa kiasi.

Nchini Uingereza, mfano unaozidi kilo 25 huhitaji kibali maalumu kabla ya kurushwa.