Bajeti imepitishwa, feza iko wapi?

Swali hili linarudi kila mara mbunge anapotoka Kinshasa kuja kusalimia wakaaji waliomchagua. «Muheshimiwa, ulituambia barabara yetu iko ndani ya bajeti. Mbona hatuoni hata mashini moja?» Mbunge anajibu kwamba yeye alipiga kura, feza njo haikutoka. Watu wanaguna, wanaona anawadanganya. Lakini mara nyingi anasema kweli. Sheria zetu zimegawa kazi: wamoja wanaruhusu matumizi, wengine wanashika mfuko.

Tuanze na tarehe. Kifungu cha 126 cha Katiba ya 2006 kinadai serkali iweke muswada wa sheria ya feza mezani pa Bunge la Taifa mwisho tarehe 15 Septemba. Kikao kinachofunguliwa siku hiyo kinafungwa 15 Desemba, na kazi yake kubwa ni bajeti. Wabunge na maseneta wanaweza kugusa tarakimu, lakini anayetaka kuongeza matumizi lazima aonyeshe feza hiyo itatoka wapi ao ni matumizi gani yatapunguzwa. Serkali ikichelewa sana kuleta muswada, inapaswa kuomba mabunge mawili ruhusa ya kutumia feza kwa muda. Ikiwa ililetea kwa wakati na wabunge hawakumaliza kabla ya mwaka mpya, Raisi anaweza kuutia muswada katika kazi, pamoja na mabadiliko yaliyokwisha kupigiwa kura.

Sasa hapa watu wengi wanakosea. Kupitisha bajeti ni kutoa ruhusa. Bunge linaiambia serkali: kwa kazi hii, usipite kiasi hiki. Halisemi kama kiasi hicho kiko tayari ndani ya sanduku. Bajeti ya 2024 ilipita miliari 40 000 za franka, lakini hayo yalikuwa makadirio ya kodi, ushuru wa mipaka, haki za madini, misaada na mikopo. Kama feza inayoingia iko chini ya makadirio, lazima mtu aamue nani atalipwa na nani atangoja. Mtu huyo hayuko bungeni.

Sheria n° 11/011 ya 13 Julai 2011 juu ya feza za serkali inaonyesha njia ya kila franka. Kwanza wizara inafunga ahadi ya matumizi. Watu wa ofisi wanaita engagement. Kisha inahakikishwa kama kazi imefanyika na deni ni la kweli: liquidation. Halafu inatoka amri ya kulipa, ordonnancement. Mwisho ni malipo yenyewe, na mtunza sanduku wa serkali ni Banque Centrale. Hatua hizi nne zote ziko upande wa serkali. Muradi unaweza kupita hatua ya kwanza mwezi wa pili na kulala pale mpaka mwaka uishe.

Tangu mapatano ya 2020 kati ya Wizara ya Feza na Banque Centrale, serkali ilikubali kutumia kile kinachoingia, bila kuchapisha noti za kuziba pengo. Sababu iko. Wazee wetu walishika noti ya milioni tano za zaire wakati wa Mobutu, na wanajua ilinunua nini. Lakini matokeo yake ni kwamba mpango wa hazina wa kila mwezi njo unakuwa bajeti ya kweli, na ule haupigiwi kura. Mishahara na vita vinapita mbele, kituo cha afya cha kijijini kinangoja. Tena kuna njia ya mkato, ile procédure d'urgence: feza inatoka kwanza, karatasi zinafwata. Iliwekwa kwa mambo yasiyoweza kungoja. Imetumiwa sana, mpaka FMI inaidai Kinshasa iipunguze.

Kwa majimbo ni vigumu zaidi. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema sehemu ya majimbo katika mapato ya taifa ni 40%, na kwamba inashikwa pale pale inapotoka. Maneno hayo ya mwisho njo yana uzito. Kushikwa pale inapotoka maana yake jimbo lisiombe. Desturi iliyoshika ni nyingine: feza inapanda Kinshasa, kisha Kinshasa inarudisha kile inachorudisha, wakati inaotaka. Ndiyo sababu kila mtu anasema rétrocession, neno la kurudisha, hata wale wanaotetea Katiba. Bunge la jimbo linapiga kura juu ya bajeti yake likiwa limeandika ndani tarakimu ya rétrocession ambayo gavana mwenyewe hajui kama itafika. Gavana anayekosa kujenga daraja anaweza kunyooshea Kinshasa kidole, na wakati mwingine iko na haki, wakati mwingine anajificha nyuma yake. Mkaaji wa kawaida atatofautisha namna gani?

Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko na shida ya ziada. Tangu état de siège ilipoanza Mei 2021, gavana wa kijeshi alichukua nafasi ya serkali ya jimbo, na kazi ya bunge la jimbo ikasimamishwa. Mtu anayetumia feza yuko. Yule wa kumuuliza pale jimboni hayuko. Wanabaki wabunge wa taifa.

Serkali kushikilia feza iliyopitishwa haiko jambo la Kongo peke yake. Marekani, baada ya Raisi Nixon kukataa kutumia feza ambazo bunge lilikuwa limepitisha, bunge lile lilitunga sheria mwaka 1974 ya kumzuia raisi kufanya hivyo bila ruhusa yake. Ugomvi ulirudi Januari 2025, utawala wa Trump uliposimamisha misaada ya inje. Huku mashariki tuliona matokeo kwenye dawa na vituo vya afya, ijapokuwa hatuna mbunge hata mmoja kule.

Bunge letu liko na silaha gani? Kifungu cha 138 kinataja maswali ya mdomo na ya kuandika, interpellation, tume ya uchunguzi, na kuwaita wakubwa mbele ya kamati. Kifungu cha 146 kinaongeza kura ya kumwangusha waziri ao serkali nzima. Na kila mwaka Cour des comptes inapaswa kupelekea wabunge hesabu kuu ya Jamhuri pamoja na maoni yake, ili waifunge kwa sheria. Watu wanaichanganya na Inspection générale des finances, ile IGF inayosikika sana kwenye redio. IGF iko chini ya Raisi: ni serkali inayojikagua. Cour des comptes njo msaidizi wa bunge, lakini inasikika kidogo sana. Kwa maoni yetu, mjadala wa hesabu hizo ungestahili kufwatwa kwa karibu kuliko ule wa Desemba, sababu pale njo inaonekana ni nini kililipwa. Kwa kawaida unapita haraka.

Kuna karatasi moja ambayo chama cha kijiji ao shirika la raia linaweza kusoma: état de suivi budgétaire, ambayo Wizara ya Bajeti inatangaza kwenye intaneti. Ndani yake mna safu ya kiasi kilichopitishwa na safu za zile hatua nne. Ukikuta feza ya wizara ama jimbo imejaa safu ya kwanza na malipo ni sifuri, utajua mlango gani wa kubisha. Mbunge wenu naye muombeni aandike swali kwa waziri: ahadi ilifungwa tarehe gani, amri ya kulipa ilitolewa lini, na ni nani anaishikilia.