Mchezo uliouawa ili uzaliwe upya: kisa cha Final Fantasy XIV

Huku Plateau mvua imeshika, stima inapotea na kurudi ipendavyo, nami ninaandika haya betri ikiwa nusu. Nimekuwa kimya kwa sababu ya programu moja iliyonitoa jasho. Nitaieleza mbele kidogo. Leo ninataka kuwasimulia historia ya mchezo wa mtandaoni uliozinduliwa ukaanguka kifudifudi, ukafungwa na wenyewe, kisha ukarudi ukiwa mpya.

Mchezo wenyewe ni Final Fantasy XIV, wa kampuni ya Square Enix ya Japani. Kwa asiyejua, hii ni aina ya mchezo ambapo maelfu ya watu huingia katika dunia moja ya kubuni, kila mmoja akiwa na mhusika wake: mchawi, mpiga mishale, mvuvi, mhunzi. Dunia ya huu inaitwa Eorzea. Toleo la kwanza la kompyuta za Windows lilitoka tarehe 30 Septemba 2010. Huku kwetu kebo ya SEACOM ilikuwa imeanza kazi Mombasa mwaka mmoja tu uliotangulia, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi ninayelipia dakika saiba. Kwa hiyo toleo hilo sikulicheza, na leo hakuna awezaye kulicheza kwa njia halali, kwa maana seva zake zilizimwa. Mtaona jinsi.

Kampuni haikuwa na ugeni katika kazi hii. Final Fantasy XI, mchezo wao wa kwanza wa mtandaoni, ulitoka Japani mwaka 2002 na ukafana. Hiromichi Tanaka, aliyeusimamia huo, ndiye aliyepewa na huu. Lakini kati ya 2002 na 2010 dunia ilikuwa imehama. World of Warcraft ilitoka 2004 na kubadilisha kabisa kile ambacho wachezaji walikitarajia, ila wajenzi wa Eorzea walikuwa kama wanajenga nyumba bila kuchungulia ya jirani.

Matokeo? Ardhi ilijaa vipande vya mandhari vilivyonakiliwa na kubandikwa tena na tena, hata ukatembea dakika kumi ukadhani umezunguka. Soko la mnada halikuwepo; ulilazimika kuzurura kati ya vibarua wa wachezaji wengine ukichungulia mizigo yao mmoja mmoja. Ukicheza sana ndani ya wiki, pointi za ujuzi zilipunguzwa hadi zikakatika. Na seva zote zilikuwa Japani, huku menyu nyingi zikingoja jibu la seva kabla ya kufunguka. Fikiria uko Ulaya, unataka tu kufungua mfuko wako, na ombi linasafiri nusu ya dunia na kurudi. Wahakiki waliupa wastani wa alama 49 kati ya 100.

Ila kwangu mimi kisa kizima kimo katika chungu cha maua. Naoki Yoshida, mtu aliyekuja kuuokoa mchezo huu, alihutubia mkutano wa waundaji michezo huko San Francisco mwaka 2014 na kueleza kwamba chungu cha maua kilichowekwa pembeni kama pambo kilikuwa na poligoni zipatazo 1,000 na mistari 150 ya msimbo wa kukokotoa mwanga na kivuli. Hiyo ni sawa na mhusika mzima wa mchezaji! Kwa ajili ya urembo huo, skrini iliweza kuonyesha watu 20 tu kwa wakati mmoja. Mchezo wa watu maelfu, na hauwezi kuonyesha hata abiria wa basi moja.

Yoshida alitaja sababu tatu za kuanguka. Ya kwanza, tamaa ya picha nzuri kupita kiasi. Ya pili, timu kutojua michezo mingine ya aina yao. Ya tatu ndiyo iliyonichoma: imani kwamba lolote lililoharibika litatiwa kiraka baadaye.

Ndugu zangu, hapo ndipo programu yangu inapoingia. Mwaka jana niliandika mfumo wa kurekodi maziwa ya ushirika mmoja wa wafugaji wa huku. Niliukabidhi nikijua kwamba jumla za mwisho wa mwezi wakati mwingine zinaruka siku ambayo mtandao ulikatika. Nikajiambia nitatia kiraka. Mwezi wa pili wafugaji kadhaa wakalipwa pungufu, karani akarudi kwenye daftari, na mzee mmoja akanijia akaniambia, "Kijana wangu, ng'ombe hangoji kompyuta yako ipone." Sikuwa na jibu. Tangu hapo nimetia viraka kumi na vinne, na kila kimoja kinafungua tundu jingine.

Turudi Japani. Tarehe 10 Desemba 2010 rais wa kampuni, Yoichi Wada, aliomba radhi hadharani, toleo la PlayStation 3 likaahirishwa, ada za kila mwezi zikasitishwa, na Tanaka akaachia ngazi. Yoshida, aliyekuwa upande wa Dragon Quest, akapewa usukani. Akawawekea wakubwa njia mbili: kuendelea kurekebisha kile kilichopo kwa miaka, au kujenga upya kabisa huku kile cha zamani kikiendelea kutunzwa. Wakachagua ya pili. Mwaka uliofuata Wada alikiri kwamba jina la Final Fantasy lilikuwa limeharibiwa vibaya, kwa hiyo hawakuwa wakiokoa mchezo mmoja tu.

Hebu fikirini uzito wake. Kundi moja linaandika injini mpya, ramani mpya, seva mpya. Jingine linahudumia maiti ili isinuke: wakarekebisha mapigano, wakaboresha kiasi kwamba Januari 2012 walithubutu kuanza kutoza ada, kisha wakaleta kazi za kale walizozipenda mashabiki. Yoshida aliwaagiza watu wake wacheze World of Warcraft, na akaanza kuwaandikia wachezaji barua akieleza kinachofanyika. Kwa kampuni iliyozoea usiri, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kisha wakafanya kitu ambacho sijawahi kukiona katika kazi yetu. Badala ya kuandika tangazo la matengenezo, waliifanya kuzimwa kwa seva kuwa sehemu ya hadithi. Mwezi mwekundu uitwao Dalamud ukaanza kukua angani, sasisho baada ya sasisho. Tarehe 11 Novemba 2012, saa za mwisho, wachezaji walikusanyika wakipigana na majitu yaliyovamia miji, kisha seva zikazimwa. Ikafuata filamu fupi: mwezi unapasuka, joka Bahamut anatoka na kuiteketeza Eorzea, na mzee Louisoix anatumia nguvu zake za mwisho kuwarusha mashujaa miaka mitano mbele.

Miaka mitano mbele ndipo mchezo mpya unapoanzia. Watu wa Eorzea wanawakumbuka waliowapigania, ila nyuso zao wanaziona zimefunikwa na mwanga. Jamani, huku ni kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, basi! Ni uhamishaji pekee wa data ninaoujua ambao umewaliza watu.

A Realm Reborn ilizinduliwa 27 Agosti 2013. Siku za mwanzo seva zilielemewa na umati, hata uuzaji wa nakala za kidijitali ukasimamishwa kwa muda. Desemba 2021, nyongeza ya Endwalker ilipotoka, walilazimika kusimamisha mauzo tena kwa sababu hiyo hiyo. Wachezaji wa zamani waliovumilia walipewa alama ya tatuu mwilini mwa wahusika wao, na majina yao yakapita mwishoni pamoja na ya wajenzi.

Mimi sina miaka miwili wala kikosi. Ijumaa ninakutana na kamati ya ushirika. Nitawaomba miezi minne ya kuandika upya, daftari la karani liendelee kuwa ndilo la kulipia hadi nimalize, na nitawaonyesha zile siku zilizoruka, moja moja, kwa majina ya wafugaji. Wakinifukuza nitawaambia pia.